Asili ya Jina Kamajuu

Jina hilo likitajwa mbele yangu, mate hunijaa kinywani, na si mate ya hamu. Ni yale ya kutema. Balaa ni kwamba kazi yangu inanilazimisha kuliandika. Nakaa dirisha namba tatu, vizazi, mwaka wa ishirini na nne huu, na mwaka jana pekee nimeandikisha akina Kamajuu mia moja na kumi na wawili. Kamajuu wa kunyonya, Kamajuu wa kubebwa, Kamajuu aliyeletwa na babu yake akatapika maziwa juu ya kaunta yangu. Walikuja hata mapacha: mmoja Kamajuu, na mwenzake, maskini wa Mungu, wakampa Kamachini. Niliwauliza wazazi mara mbili kama wana uhakika. Wakacheka, wakasema wana uhakika.

Zamani jina hili halikuwepo, na hapo sibahatishi. Madaftari yote yamepangwa nyuma ya kiti changu, yananuka ukungu na mavi ya mende, na nimeyapekua moja baada ya jingine. Hakuna Kamajuu hata wa dawa. Halafu anatokea mmoja, mwaka wangu wa kwanza kazini, na kwa miaka ishirini na moja anabaki yeye peke yake. Mwaka juzi wanazuka thelathini na saba kwa mpigo, na mwaka jana ndio hao mia na ushee.

Aliyelisambaza ni huyo wa kwanza. Ni kijana mrefu, mrefu kweli, kipa wa timu ya mji wetu, na katika fainali ya mwaka juzi alipangua penalti tatu mfululizo. Mtangazaji wa redio akapagawa. "Kamajuu! Yuko juu! Juu kama juu!" akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wiki hiyo hiyo wakamwita studio, wakamuuliza jina lake lina maana gani. Kijana wa watu akajibu kwa adabu zote kwamba ni jina la kale. Kwamba palikuwa na shujaa mrefu kiasi cha kuchungulia juu ya ukuta wa adui bila kupanda kitu, na kwamba habari hizo mama yake alipewa na serikali, ofisi ya vizazi.

Nilikuwa nakunywa chai jikoni kwangu. Niliimwaga kwenye sinki, nikazima redio, nikakaa pale nikiangalia majani ya chai yalivyoganda kwenye tundu la sinki. Serikali iliyotoa habari hizo ni mimi.

Ngoja niseme jambo lenyewe mapema, maana siwapendi watu wa kuzungusha maneno. Fomu ya hospitali ya siku zile ilichorwa na mtu asiye na akili timamu. Mstari wa nne: jina la baba. Mstari wa tano, chini yake tu: jina la mtoto. Muuguzi wa wodi ya wazazi, na haraka zake, alijaza jina la baba vizuri, akaandika pembeni "marehemu", na kwenye mstari wa tano, badala ya kurudia jina lile lile, akaandika "kama juu". Maneno mawili madogo, yamebanana. Kila aliyewahi kujaza fomu anajua maana yake: rudia kilichoandikwa juu. Mtoto aitwe jina la baba yake. Mimi nilikuwa na miezi miwili kazini, foleni imefika mlangoni, mgongo unaniuma, nikapiga kwenye taipureta neno moja, kwa herufi kubwa mwanzoni: Kamajuu.

Jina la baba sitalitaja hapa. Kanuni zinamkataza karani kutoa nje jina lililomo kwenye jalada, na kanuni hiyo angalau hapa sitaivunja.

Wiki mbili baadaye mama wa mtoto akaja kuchukua cheti. Alikuwa binti tu, hajafika hata miaka ishirini na tano, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Mumewe alikuwa fundi mwashi. Alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya tatu mwezi mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama mkwe hakumwomba mjane yule kitu kingine chochote ila kimoja: akizaliwa wa kiume, jina la mwanangu lirudi nyumbani. Naye akaahidi.

Alikisoma cheti, akakisoma tena, akakirudisha chini ya kioo.

"Dada, hili jina siyo."

"Siyo kivipi?"

"Mtoto ni wa jina la baba yake. Mimi mwenyewe nilimtajia muuguzi."

Nilivuta fomu kutoka kwenye jalada, nikaisoma kwa mara ya kwanza jinsi inavyopaswa kusomwa. Wiki ile ile karani wa dirisha la vifo alikuwa amemwaga unga kwa kukosea tarehe moja tu. Nikaigeuza fomu kifudifudi juu ya meza.

"Ndivyo ulivyosema, mama," nikamwambia. "Ndivyo ilivyoandikwa hapa."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Ulikuwa na uchungu wa kuzaa, na msiba juu yake. Mtu akiwa katika hali ile husema mengi, halafu hakumbuki."

Akaweka vidole mdomoni, akaishika midomo yake kama anayetafuta kidonda. Nilimwona. Na badala ya kunyamaza, nikaona nimpoze. Nikamwambia tena ni jina zuri, jina la watu wa kale, siku hizi halipatikani. Nikamleta na shujaa, nikamsimamisha ukutani, nikamfanya mrefu. Nilitia chumvi, nikatia na pilipili. Akaondoka na cheti chake mkononi.

Alirudi mara ya pili, nikamjibu vile vile. Mara ya tatu alikuja na mtoto mgongoni na sanduku mkononi. Mama mkwe alikuwa amempa mtu wa nyumbani amsomee cheti, kisha akauliza swali moja: "Huyo Kamajuu ni nani wako?" Nyumba nzima ikaamini ni jina la bwana wake wa nje. Wakamtoa siku hiyo hiyo, na mvua inanyesha. Na huyu mwanamke, nisikilizeni vizuri, hakuja kunigombeza. Alikuja kuuliza kwa mara ya mwisho kama kweli yale maneno aliyatamka yeye, kwa mdomo wake.

Nikamwambia ndiyo.

Nimeona mengi ya kutia kinyaa katika ofisi hii. Nimeona mtu akipiga chafya juu ya cheti cha kifo cha mama yake akakifuta kwa kiganja. Lakini sijawahi kuchukia kitu kama ile ndiyo yangu. Fomu niliitoa kwenye jalada, nikaificha droo ya chini kabisa, chini ya karatasi za kaboni. Kuichana nilishindwa. Sijui kwa nini nilishindwa. Kusema uongo niliweza.

Tangu hapo mji mzima unamwita Mama Kamajuu. Sokoni, dukani, uwanjani siku za mechi: Mama Kamajuu, shikamoo. Kila anayemwamkia anamchoma, na hajui.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe. Jumatatu bosi wetu, kijana wa juzi juzi anayevaa viatu bila soksi, alinileta mgeni dirishani. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mkoba wa ngozi na kalamu tatu mfukoni, anaandika kitabu cha majina ya watoto. Sisi makarani tulimwita Mtafiti. Alitaka takwimu: majina ya wavulana yaliyokuwa adimu na sasa yanavuma. Nikampa madaftari. Akawa analamba kidole na kufungua ukurasa, analamba na kufungua, kidole kile kile, vumbi lile lile la miaka ishirini linaingia mdomoni na kurudi kwenye karatasi. Nikamsogezea sponji yenye maji. Akaniambia hana haja.

"Hili Kamajuu ndilo taji la kitabu changu," akasema. "Unajua asili yake?"

"Nasikia sikia tu."

"Basi sikiliza." Akatoa karatasi zake, akakohoa, akasoma kwa sauti ya hotuba. "'Kama' ni kitenzi cha kale, kukama, yaani kukamua maziwa. 'Juu' ni mbinguni. Kamajuu: aikamaye mbingu. Mleta mvua!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie, akarudia, amefurahi. Shujaa wangu naye alikuwemo, ila nilimtambua kwa shida. Sasa alikuwa na wake saba, mkuki wa shaba na ukoo uliohama mara nne. Ukuta niliomsimamisha mimi siku ile kwa hofu ya kumwaga unga ulikuwa umepewa urefu kwa futi. Uongo wangu ulikuwa umekua, umeota ndevu, na umekuja kuniamkia kwenye dirisha langu.

"Nahitaji saini yako hapa," Mtafiti akasema, akanisukumia karatasi. "Uthibitisho wa ofisi. Na jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza, kwenye shukrani. Nimekuandika 'mtaalamu wa majina'."

Kona ya karatasi ilikuwa na alama ya kidole chake, bado mbichi. Nikamwambia anipe hadi Ijumaa.

Ijumaa hiyo ilikuwa na jambo jingine pia. Fomu zote za zamani zilikuwa zimekwisha kuingizwa kwenye kompyuta, na magunia yake yalikuwa yamepangwa kwenye korido yakingoja lori la saa sita mchana liyapeleke kwenye mashine ya kusaga karatasi. Bosi alitutangazia akiwa amesimama juu ya kiti. "Baada ya Ijumaa, kilichomo kwenye kompyuta ndicho hicho. Mtu akija na malalamiko ya mwaka arobaini na saba, mwambieni ushahidi hakuna." Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaiangalia droo ya chini.

Maana fomu ile ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee duniani kwamba mwanamke yule alilitaja jina la mumewe. Ikisagwa, hakuna tena atakayeweza kumsafisha, na hakuna tena atakayeweza kunishika. Alhamisi jioni, wenzangu walipoondoka, nikaitoa chini ya kaboni, nikaitumbukiza ndani ya gunia la tatu kutoka mlangoni. Kisha nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Nikarudi nyumbani nimechangamka. Nilikula, nikalala, nikaota ndoto nzuri, na hilo nalo nalitaja kwa sababu linanichefua.

Ijumaa, saa sita kasorobo hivi, ukumbi umejaa, nikainua macho nikamwona kipa. Usingeweza kutomwona, kichwa chake kilikuwa juu ya foleni nzima. Watu walimpisha, wakampiga mabega, mama mmoja akamnyanyulia mtoto wake: "Msalimie wajina wako!" Kijana akacheka kwa aibu, akamshika mtoto kidole. Nyuma yake, ameshika bahasha ya hospitali kwa mikono miwili, alikuwa mama yake. Kitambaa bado cheusi. Hakuwa mzee, lakini alikuwa na tabia iliyoanzia dirishani kwangu: kabla ya kusema neno, anaziba mdomo kwa vidole, kana kwamba analipima kwanza.

"Shikamoo mama," kipa akaniambia. "Nimepata mtoto wa kiume. Mke wangu bado yuko wodini, ndiyo nimekuja na bibi wa mtoto."

"Marahaba. Hongereni."

Akapitisha fomu chini ya kioo. Ni fomu mpya, ya rangi ya kijani, imechorwa upya na wataalamu. Mstari wa nne: jina la baba. Mstari wa tano: jina la mtoto. Hawakubadilisha hata nukta. Muuguzi mwingine kabisa, pengine alikuwa hajazaliwa siku zile, alikuwa ameandika mstari wa nne "Kamajuu", na mstari wa tano, kwa kalamu ya buluu, ndogo ndogo, "kama juu".

Nikacheka. Sikutaka, ilitoka yenyewe, ikatoka vibaya, na watu wakanitazama.

"Kuna tatizo?" kipa akauliza.

"Jina la mtoto ni nani? Nitajie kwa mdomo."

"Kama langu. Mama ndiye aliyesema iwe hivyo."

Nikamgeukia mama yake. "Wewe ndiye uliyetaka?"

Akaweka vidole mdomoni, akavitoa. "Mimi jina la kwanza nililiharibu, mama. Nilipofukuzwa niliambiwa lile la babu yake nisilitamke tena, na mimi mwenyewe naogopa kulitamka, nisije nikasema jingine. Kwa hiyo hili hili. Hili nimeshalizoea."

Ndivyo alivyosema. Miaka ishirini na mitatu, na bado anadhani ni yeye.

Nilisimama. Nikatoka nje ya kibanda changu, nikapita katikati ya foleni, nikaenda kwenye korido, nikakata kamba ya gunia la tatu kwa meno kwa sababu mkasi niliuacha mezani. Kamba ilikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Nikamwaga gunia lote sakafuni, nikapiga magoti katikati ya karatasi, mayai ya mende na mjusi mmoja aliyekauka zamani, nikaanza kutafuta. Bosi akaja mbio. "Mama, una nini? Lori limefika!" Nikamwambia lisubiri. Nilipoipata ilikuwa imejikunja kona moja tu.

Nikarudi, nikaibandika fomu kwenye kioo cha dirisha langu, upande wa watu, kwa gundi. Mtafiti alikuwa ameshafika, amesimama pembeni na mkoba wake, ananingojea na saini yake.

"Mama," nikamwambia yule mwanamke, "hii ndiyo fomu ya mwanao. Niliificha. Siku ile uliponiuliza kama ulisema, nilikudanganya. Ulitaja jina la mumeo. Muuguzi akaliandika, na chini yake akaandika 'kama juu', yaani jina hilo hilo. Mimi nikadhani ni jina, nikalipiga. Nilipogundua, niliogopa kufukuzwa kazi."

Hakuziba mdomo. Alisogea karibu na kioo, akafuatisha mstari wa nne kwa kidole, kisha wa tano, kisha akarudi wa nne.

"Soma," akasema.

Nikasoma, taratibu.

"Soma wasikie."

Nikasoma kwa sauti ya kufika mlangoni: jina la baba, lote, na marehemu yake, jina la mtoto, kama juu. Hapo ukumbini jina la jalada nililitoa, nakiri, lakini aliyeniamuru alikuwa mwenye jalada. Aliyesema wa kwanza ni yule mama aliyetaka mtoto wake asalimiwe na wajina.

"Samahani, kwa hiyo jina la mwanangu maana yake nini?"

"Maana yake kama juu," nikamjibu.

"Juu wapi?"

"Mstari wa nne."

Mtu fulani akaangua kicheko, akakikata haraka. Mtafiti akasogea, macho yamekuwa mekundu. "Haiwezekani. Ushahidi wa kiisimu uko wazi. Na kitabu kimeshaingia mtamboni!" Nikaichukua karatasi yake mezani kwangu. Nikaijaza palipotakiwa maelezo ya asili: kosa la karani, dirisha namba tatu. Nikatia saini, nikampa. Akaisoma, akalamba midomo, akaondoka bila kuaga.

Kipa alikuwa ameinama ili macho yake yafike kwenye fomu.

"Kwa hiyo shujaa hakuwepo," akasema.

"Hakuwepo."

"Wala ukuta."

"Wala ukuta. Nilimtunga nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hapa."

Akatikisa kichwa. "Nikiwa mdogo nilikuwa nimemchora ukutani kwa mkaa, pale tulipopanga. Nilikuwa namuamkia kabla ya kwenda shule." Ningependa anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea yote. Badala yake alimgeukia mama yake. "Mama, tuseme jina lipi?"

Mama yake akalisema. Alilisema wazi, mdomo wazi, mikono iko chini. Kisha akamtaka mwanawe anitajie herufi moja moja, na mimi nikaziingiza kwenye kompyuta moja moja, nikawageuzia kioo chake wazione kabla sijabonyeza. Baada ya hapo kipa akaomba fomu nyingine, ya marekebisho, ya kwake. "Uwanjani waniite watakavyo," akasema. "Kwenye cheti nataka la baba." Nikamjazia, nikaambatanisha ile fomu ya zamani, nikaipiga mhuri wa kupokelewa. Lori likaondoka na magunia bila hiyo. Bosi alitaka maelezo yangu kwa maandishi ndani ya siku tatu. Nikamwambia atayapata, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haja ya kutunga.

Nilidhani tumemaliza. Yule mwanamke hakuondoka dirishani.

"Mama mkwe yu hai," akaniambia. "Haoni tena, lakini masikio yake mazima. Wewe ndiye utakayemsomea."

Hakuwa ananiomba. Nikachukua nakala ya fomu, nikafunga dirisha, nikawafuata.

Nyumba ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi wa kuchomelea vyuma, mlango wa buluu uliobabuka. Uliachwa wazi ili upepo uingie. Mama Kamajuu alifika kizingitini akasimama. Alikuwa hajakivuka tangu siku ya sanduku. Mwanawe hakuwahi kukivuka kwa miguu yake, naye akasimama nyuma ya mama yake, amejikunja chini ya boriti ya mlango. Nikaingia peke yangu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkeka miguuni, anachambua mchele kwa vidole bila kuutazama.

"Nani huyo?"

"Karani wa vizazi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Amezaliwa nani?"

"Nimekuja kusoma karatasi ya zamani."

Nikasoma. Aliposikia jina la mwanawe vidole vikasimama kwenye mchele. Akaniambia nirudie, nikarudia.

"Hiyo kama juu ni kitu gani?"

Nikamweleza. Sikupunguza. Nilimwambia mkwe wake alitaja jina kama alivyoahidi, na aliyeliharibu ni mimi, na kila alipokuja kuuliza nilimwambia mdomo wake ndio uliokosea. Nilimwambia hakukuwa na mtu yeyote aliyeitwa Kamajuu, wala bwana wala shujaa. Kulikuwa na maneno mawili na mjinga mmoja. Nilisema hadi nikakosa la kusema. Nje mtu alikuwa anapiga chuma nyundo, akaacha.

Bibi akaweka sinia chini. Akanyoosha mkono mbele yake, ukapapasa hewani, ukaukuta mkono wangu ulioshika karatasi, ukaukamata. Kiganja kilikuwa kikavu na cha moto, na chenga za mchele zimenata.

"Mwanangu," akasema, na machozi yakaanza kumtoka katika macho yale yasiyoona. "Nisamehe. Nilikutoa na mvua ile. Nilikutoa na mtoto mgongoni. Nisamehe mwanangu."

Alidhani ni mkwe wake. Na nitasema ukweli wote, maana nusu nusu imeshanitosha: kwa muda wa kuvuta pumzi moja niliuacha mkono wangu pale. Ulikuwa mtamu ule mkono. Ilikuwa tamu kuombwa radhi, mimi, na nilijua utamu ule si wangu.

"Siyo mimi, Bibi," nikasema. "Umekosea mtu."

Nikautoa mkono wangu. Nikaenda mlangoni, nikamshika mkwe mwenyewe kifundo cha mkono, nikamvusha kizingiti, nikauweka mkono wake kwenye kile kiganja. Bibi akaupapasa, kidole hadi kidole, hadi kwenye kovu dogo lililokuwa chini ya gumba, na hapo akaacha kupapasa.

Akamwita Mama, na baada ya Mama hakusema Kamajuu. Alilisema jina la mwanawe, lile ambalo sina ruhusa ya kuliandika hapa. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nililisikia lote.